Gari Limezimwa, Umeme Haujazimwa

Katika miaka ya karibuni yameingia nchini, bila makelele mengi, magari ya namna mpya. Baadhi yanakwenda kwa umeme mtupu, na mengine, ambayo ndiyo mengi zaidi, yanachanganya umeme na petroli. Mwalimu aliyepata mkopo kwenye chama chake cha akiba amenunua gari dogo lililotumika Japani, naye anawaeleza wenzake kwa furaha jinsi lisivyokunywa mafuta. Ofisa wa wilaya naye ananunua. Jambo hilo ni jema na hakuna mwenye haki ya kulikebehi. Lakini ni wangapi miongoni mwetu wanaofahamu kwamba nyuma au chini ya kiti cha abiria, mahali tunapoketisha watoto wetu, pana betri ambayo nguvu yake yatosha kuua mtu mzima? Na ni wangapi waliojiuliza ni nani atakayeikagua betri hiyo siku taa nyekundu itakapowaka?

Mwaka jana nilipata nafasi ya kuliona jibu la swali hilo kwa macho yangu. Nilikuwa katika gereji moja jijini Dar es Salaam, nikingojea gari langu lifungwe breki. Pembeni kulikuwa na Toyota Prius ambayo kiti chake cha nyuma kilikwisha kung'olewa. Kijana mmoja, hodari na mwenye adabu, alikuwa amepiga magoti ndani yake, kavaa kandambili zilizolowa, na kidoleni ana pete ya fedha. Mbele yake zilionekana nyaya nene za rangi ya chungwa. Nilimsalimu, akanijibu, "Shikamoo mzee." Nikamwuliza kama amekwisha kuukata umeme. Akacheka kidogo, kama vijana wanavyotucheka sisi wazee wenye hofu nyingi, akasema, "Mzee, gari limezimwa. Hakuna umeme."

Kijana yule hakudhurika siku ile. Aling'oa plagi kwa mkono mtupu, akafungua kifuniko na kuanza kusugua vibati vya shaba vilivyoota kutu ya kijani. Mwenye gereji alipita mara mbili asiseme neno. Tangu siku ile maneno yale, kwamba gari limezimwa na kwa hiyo hakuna umeme, hayajanitoka kichwani, kwa sababu nina hakika kwamba yanasemwa kila siku katika gereji nyingi, na wenye kuyasema hawana kosa. Hakuna aliyewafundisha vinginevyo.

Hebu tuitazame hiyo Prius yenyewe. Gari hilo lilianza kuuzwa Japani mwezi Desemba 1997. Betri ya toleo lake la pili, lililotoka mwaka 2003, ina vipande 28, na kila kipande kina volti 7.2. Fundi akipima kipande kimoja kwa mita yake ataona kwamba ni volti chache kuliko zile za betri ya kawaida ya gari, ambayo amezoea kuishika kwa mikono tangu alipokuwa mwanagenzi. Hapo ndipo anapodanganyika. Haba na haba hujaza kibaba: vipande 28 vilivyofungwa kwa mfululizo hufanya volti 201.6, na inveta ya gari hilo huzipandisha hadi kufikia 500 ili kuendesha mota. Nissan Leaf ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010, ina betri ya volti zipatazo 360. Kanuni za kimataifa za magari haya huhesabu kuwa hatari kila kitu kinachozidi volti 60 za mkondo mnyofu, yaani ule wa betri, au volti 30 za mkondo geu, yaani ule unaofanana na wa nyumbani. Hata bajaji na pikipiki za umeme, ambazo watu huzichukulia kama michezo ya watoto, hazipaswi kudharauliwa. Zile zinazotajwa kuwa za volti 72 tayari zimevuka kikomo hicho, na betri ikijaa volti zake huwa zaidi ya hapo.

Tena umeme wa betri una tabia yake. Umeme wa nyumbani hupanda na kushuka, na mara 100 kwa sekunde hupita kwenye sifuri, kwa hiyo cheche ikitokea hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa betri haupiti kwenye sifuri kamwe. Fundi akitenganisha kiungio wakati umeme unapita, cheche huvutika na kuendelea kuwaka kama moto wa kuchomelea vyuma, na joto lake huyeyusha shaba na kuunguza uso. Lakini jambo kubwa kuliko yote ni kwamba betri haizimwi. Swichi ya gari huuzuia umeme usitoke nje ya sanduku la betri, basi. Ndani ya sanduku umeme upo mchana na usiku, na upo hata gari likiwa limelala bandarini miezi mitatu.

Waliotengeneza magari haya waliijua hatari hiyo, wakaweka walinzi. Wa kwanza ni kontakta, ambazo ni swichi kubwa zilizomo ndani ya sanduku la betri. Hushikiliwa na umeme mdogo wa betri ya volti 12, na umeme huo ukikatika springi huzifungua. Wa pili ni ile plagi ya kukatia umeme, ambayo huukata mnyororo wa betri mahali fulani na kuugawa vipande viwili. Wa tatu ni waya mwembamba unaopita katika viungio vyote vya nyaya za chungwa. Kiungio kimoja kikifunguliwa, waya huo hukatika na gari huamuru kontakta ziachie. Kuna fyuzi. Kuna chombo kinachopima saa zote kama umeme unavujia kwenye bodi. Na kuna rangi yenyewe ya chungwa, ambayo imechaguliwa ili mtu asiyejua kusoma naye aone na ajihadhari.

Basi kukagua gari la umeme, kwa maana halisi, ni kuwakagua walinzi hao. Hapa ndipo penye utata, na ndipo ninapowaomba wasomaji wavumilie maelezo ya kiufundi, maana walinzi hao wanaweza kulala, na fundi hana njia ya kuwaona wamelala kwa macho. Kontakta iliyofunguka na kufungwa mara nyingi yaweza kuungua ncha zake zikashikana. Swichi ya gari itazimwa, taa za dashibodi zitazimika, yote yataonekana shwari, na kumbe umeme bado umo ndani ya nyaya mpaka mbele kwenye inveta. Hata kontakta ikiwa nzima, ndani ya inveta kuna kapasita ambazo huhifadhi umeme kwa muda baada ya gari kuzimwa. Ndiyo maana neno la kijana yule ni neno la hatari. Gari limezimwa, naam. Lakini ni nani aliyethibitisha kwamba umeme haupo?

Utaratibu wa kuthibitisha upo, na si siri. Umeandikwa katika vitabu vya matengenezo vya magari hayo. Gari huzimwa, na ufunguo wake huwekwa mbali, kwa kuwa funguo za siku hizi huwasiliana na gari bila kuingizwa popote. Waya wa hasi wa betri ya volti 12 hufunguliwa. Fundi huvua pete, saa na mkufu, huvaa glavu za mpira za kuzuia umeme, ndipo anapoing'oa plagi. Plagi hiyo haiachwi juu ya benchi. Toyota huwaagiza mafundi wake waitie mfukoni, ili mwenzao asije akaona kitu kimesahauliwa akakirudisha mahali pake kwa nia njema huku mtu akiwa amelala chini ya gari. Nimelipenda sana agizo hilo, maana limeandikwa na mtu anayezijua karakana na watu wake. Baada ya hapo hungojwa dakika 5 au 10, kwa kadiri kitabu cha gari husika kinavyosema, ili kapasita zipoe.

Kisha hupimwa. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, nayo ndiyo roho ya kazi yote. Mita inayotumika lazima iwe imetengenezwa kwa ajili ya volti 1,000, wala si ile ya bei ya chini ya sokoni ambayo nyaya zake hukatika ukizikunja. Kwanza fundi huijaribu mita hiyo mahali anapojua kwa hakika kwamba pana umeme, aone kama inasoma. Halafu hupima kwenye ncha za nyaya za chungwa, akitafuta sifuri. Halafu huirudisha mita kule kwenye umeme anaoujua, aone kama ingali inasoma. Mtu asiyeelewa ataona huo ni upotevu wa muda. Lakini mita iliyokufa husoma sifuri mahali popote, hata kwenye volti 400, na fundi aliyepima mara moja tu hajui kama amekuta umeme haupo au amekuta mita ni mbovu.

Na hata baada ya hayo yote, kazi ndani ya sanduku la betri hubaki ni kazi ya umeme ulio hai. Plagi imeugawa mnyororo vipande viwili, lakini kila kipande chaweza kubaki na volti za kutosha kuua. Yule kijana wa kandambili alikuwa akisugua shaba hapo hapo. Kazi hiyo ataifanya fundi aliyesomea, mwenye spana zilizofunikwa kihami, na mwenzake akiwa amesimama karibu na kijiti kikavu au ndoano isiyopitisha umeme, tayari kumvuta.

Niseme pia juu ya glavu, kwa kuwa nimeona zile za jikoni zikitumika, na zile za kitambaa ambazo mafundi huvaa wasichafuke. Hizo si kinga. Glavu ya kazi hii ni ya mpira, ya daraja linaloitwa sifuri, iliyojaribiwa kwa matumizi hadi volti 1,000, na tarehe ya kujaribiwa kwake hupigwa muhuri. Juu yake huvaliwa glavu ya ngozi ili isichanike. Kila siku kabla ya kazi huviringishwa kuanzia kwenye kifundo hadi vidoleni ili hewa ibanwe ndani, kisha fundi husikiliza na kutazama kama inavuja. Tundu la sindano latosha kuifanya kuwa kitambaa. Mpira huharibiwa na jua, joto na grisi, na gereji zetu nyingi zina vyote vitatu kwa wingi. Glavu iliyoning'inizwa kwenye msumari juani tangu mwaka juzi ni afadhali isiwepo kabisa, maana humpa mtu ushujaa wa bure.

Baada ya kukata umeme ndipo ukaguzi wenyewe unapoanza. Nyaya za chungwa hutazamwa urefu wote, hasa chini ya gari, mahali ambapo jeki imewekwa vibaya au jiwe la barabarani limekwaruza. Hupimwa kama umeme unavujia kwenye bodi. Kanuni Nambari 100 ya Tume ya Uchumi ya Ulaya ya Umoja wa Mataifa inataka ukinzani wa kihami usipungue omu 100 kwa kila volti upande wa mkondo mnyofu, na omu 500 kwa kila volti upande wa mkondo geu. Kwa betri ya volti 360, kikomo hicho cha chini ni omu 36,000 upande wa betri, ingawa gari zima kwa kawaida huonyesha kiasi kikubwa zaidi. Mita ya kawaida haiwezi kupima jambo hilo, kwa kuwa husukuma volti chache tu. Inahitajika megga, ambayo husukuma volti 500 au zaidi, na mwenye kuitumia ajue ni wapi kitabu kinamruhusu kuigusisha. Kanuni hiyo hiyo inataka masanduku ya chuma ya vyombo hivyo yafungamane barabara na bodi la gari, ukinzani ukiwa chini ya omu 0.1. Boliti moja iliyoota kutu, au iliyopakwa rangi na fundi wa bodi aliyetaka gari lipendeze, yaweza kuiharibu kinga hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo linalonitia hofu kuliko yote, nalo ni desturi yetu ya kufunga fyuzi kwa waya. Tusifichane. Ni nani kati yetu ambaye gari lake halikupata kurudishwa nyumbani hivyo, na tukamsifu fundi kwa ubunifu? Katika gari la petroli waya ule huunguza taa, au kwa bahati mbaya sana huunguza gari. Katika betri ya volti 360, fyuzi imetengenezwa maalumu ili iweze kuukata umeme usiopita kwenye sifuri. Ndani yake mara nyingi hujazwa mchanga laini ili kuimeza cheche. Kuweka waya mahali pake, au kuweka fyuzi iliyokusudiwa umeme wa nyumbani, ni sawa na kumfukuza mlinzi wa mwisho. Vilevile kuunganisha kwa waya kile kitanzi cha ulinzi wa viungio ili taa ya dashibodi izimike, na gari liondoke gereji, ni kumkabidhi fundi atakayefuata mtego usioonekana. Sioni jina jingine la kuliita jambo hilo.

Liko pia suala la mafuriko, ambalo wakazi wa bonde la Jangwani na maeneo mengine ya mabondeni hawahitaji kukumbushwa. Baada ya kimbunga Ian kupiga Florida nchini Marekani mwezi Septemba 2022, baadhi ya magari ya umeme yaliyozama katika maji ya chumvi yaliwaka moto, mengine siku kadhaa baadaye, yakiwa yameegeshwa. Chumvi hubaki ndani na kuwa daraja la umeme. Ushauri uliotolewa huko ni kuliweka gari la namna hiyo umbali wa mita 15 hivi kutoka kwenye majengo na magari mengine, wala lisiwashwe wala kuchajiwa mpaka lichunguzwe. Hapa kwetu gari lililozama huanikwa juani, milango wazi, na siku ya tatu huwashwa.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni mambo ya nchi tajiri, kwamba glavu, megga na mita bora ni ghali, na kwamba fundi wa chini ya mwembe hana uwezo huo. Hoja hiyo ina ukweli kwa upande mmoja. Lakini aliye chini ya mwembe hakujipeleka mwenyewe kwenye nyaya za chungwa. Tulimpelekea sisi, wenye magari, kwa kuwa bei yake ni nafuu, nasi hatukumwuliza ana kifaa gani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri kumlinda mfanyakazi wake, na mwenye gereji yule aliyepita mara mbili akanyamaza ni mwajiri kama waajiri wengine. Ofisa usafirishaji anayeandika kwenye karatasi "gari likaguliwe" na kuipeleka kwa fundi ambaye idara haijampa hata jozi moja ya glavu, naye ni mwajiri. Saini yake imo kwenye karatasi.

Kwa upande wa elimu, lawama si za walimu wa ufundi, ambao wengi wao hawajapata kuiona betri hii ikiwa imefunguliwa. Watamfundishaje mwanafunzi? Ujerumani na Uingereza zina mafunzo ya ngazi kwa ngazi: wa ngazi ya chini huruhusiwa kubadilisha gurudumu na mafuta akijua asiguse nini, wa ngazi inayofuata hukata umeme na kuthibitisha, na wachache tu huruhusiwa kulifungua sanduku la betri. Mpango wa namna hiyo unaweza kuanzishwa katika vyuo vya ufundi vya VETA na vinginevyo bila kungoja majengo mapya. Gari moja lililopata ajali, ambalo betri yake imetolewa na mtaalamu, latosha kuwafundisha vijana 30 mahali plagi ilipo na jinsi mita inavyojaribiwa mara mbili. Waanze na ngazi ile ya kwanza, ya kujua kipi kisiguswe. Hiyo haihitaji megga.

Na sisi wenye magari tunaweza kuanza juma hili. Taa ya hitilafu ya umeme ikiwaka, kabla ya kumkabidhi fundi ufunguo, tumwombe atuonyeshe glavu zake na tarehe iliyopigwa juu yake, atuonyeshe mita yake, na atueleze kwa maneno yake mwenyewe atasubiri dakika ngapi na kwa nini. Akishindwa, tumshukuru na tulipeleke gari mahali pengine, hata ikiwa ni mbali na hata ikiwa tutalivuta kwa lori. Nilirudi katika gereji ile mwezi uliopita nikamkuta yule kijana. Pete ilikuwa bado kidoleni. Nilimwita pembeni, tukaketi juu ya tairi kuukuu, nikamweleza habari ya vipande 28 na volti 7.2. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza glavu hizo zinauzwa duka gani. Nilimwahidi kwamba nitamtafutia, na bado ninatafuta.